Usiku Mmoja Huay Xai: Mwongozo Kamili wa Kulala Mpakani Bila Kukosa Boti ya Mekong

Kosa ni lile lile kila msimu. Msafiri mwenye shanta anatoka Chiang Mai au Chiang Rai, anafika Chiang Khong jioni, analala upande wa Thailand kwa kuwa maduka yako karibu na chumba ni kizuri. Asubuhi ndipo anaanza kazi: gari la kwenda darajani, foleni ya kutoka, basi la kuvuka, dirisha la viza, foleni ya kuingia, kisha gari jingine la kwenda mjini. Akifika gatini, boti ya siku mbili ya kwenda Luang Prabang, mji wa Laos, imeshaondoka, au imebaki nafasi moja, juu ya injini.

Dawa yake ni kuvuka siku moja kabla, mchana kweupe, na kulala Huay Xai upande wa Laos. Mambo yote yanayoweza kukwama yako darajani. Yakikwama saa 8 mchana una muda wa kuyatatua, lakini yakikwama saa 2 asubuhi safari ya siku hiyo imekwisha.

(Saa zote hapa ni za Kiswahili. Palipo na hatari ya kuchanganya, saa ya tiketi imewekwa kwenye mabano.)

## Mahali penyewe

Chiang Khong iko mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand. Ng'ambo ya mto Mekong ni Huay Xai, makao makuu ya mkoa wa Bokeo, Laos. Miji hii inatazamana. Ukisimama ukingoni unaona bendera za upande wa pili. Hata hivyo mgeni havuki hapo. Anavuka kwenye Daraja la Nne la Urafiki, lililofunguliwa Desemba 2013, umbali wa kama kilomita 10 kutoka kila mji.

Ukikuta maelezo yanayokuambia uvuke kwa mtumbwi kutoka Chiang Khong mjini, yameandikwa kabla ya daraja. Mitumbwi bado ipo, lakini ni ya wenyeji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka Chiang Rai

Pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu.

Picha mbili za pasipoti. Moja ni ya viza ya mpakani, nyingine ni akiba.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa atokaye Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, hii haina mjadala. Thailand huidai kwa watokao nchi hizo, nawe utaihitaji tena ukirudi. Ifungie ndani ya pasipoti kwa mpira, maana wengi huipoteza baada ya uwanja wa ndege wa Bangkok wakidhani kazi yake imekwisha.

Dola za Marekani zipatazo 60, noti safi, zisizo na mikunjo mikali, mihuri wala michubuko. Ada ya viza ya mpakani ni kiasi cha dola 40, ikipanda na kushuka kwa uraia. Ukilipa kwa baht, fedha ya Thailand, unapigiwa hesabu mbaya, na tofauti hiyo inatosha kununua chakula cha siku nzima.

Baht 2,000 kwa noti ndogo. Huay Xai hupokea baht karibu kila mahali. Shilingi yoyote ya Afrika Mashariki haibadilishwi huku. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa hulipia vitu vya mtandaoni tu, haitoi noti kwenye mashine. Uwe na kadi ya plastiki, na uitumie upande wa Thailand mara moja kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mashine za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje.

Adapta. Soketi za Thailand na Laos hupokea plagi ya pini mbili, bapa au za mviringo. Plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Umeme ni ule ule wa volti 220 hadi 230, hivyo huhitaji kigeuza umeme.

Kanga au kikoi kimoja. Ni shuka la ziada, pazia, taulo, na vazi la kufunika mabega na magoti hekaluni. Hakuna kitu chepesi zaidi chenye kazi nyingi hivyo.

Sweta, ukisafiri Desemba au Januari. Asubuhi mtoni kuna ukungu na upepo unapenya. Watu hudhani Asia yote ni joto.

Ongeza dawa ya mbu, tochi, pawabenki iliyojaa, na nakala mbili za ukurasa wa picha wa pasipoti.

## Hatua ya 1: Maliza suala la viza kabla ya kupanda basi

Viza ya mpakani ya Laos haitolewi kwa mataifa yote. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Kanada au nchi nyingi za Ulaya hulipia dirishani na kuendelea. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki asiondoke kwa kubahatisha. Uliza ubalozi wa Laos ulioko Bangkok, au ubalozi wake mdogo ulioko Khon Kaen, ukitaja uraia wako na mpaka utakaotumia. Wakisema uchukue viza kwanza, ichukue huko huko.

Sababu ni hii: ukishagongewa muhuri wa kutoka Thailand, viza yako ya kuingia mara moja imekufa. Laos wakikukataa, unasimama katikati ya daraja bila ruhusa ya kuingia upande wowote. Hutafungwa, lakini utakesha ukijieleza.

Hesabu pia siku zako za Thailand. Kuzidisha muda hutozwa baht 500 kwa siku, na hulipwa papo hapo dirishani.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* una viza mkononi, au jibu la wazi la ubalozi kwamba utaipata darajani.

## Hatua ya 2: Toka Chiang Rai asubuhi

Mabasi ya kawaida ya kwenda Chiang Khong huondokea kituo cha zamani, katikati ya mji, karibu na soko la usiku. Nauli ni chini ya baht 100, na safari ni saa mbili hadi mbili na nusu kwa umbali wa kama kilomita 115. Panda linaloondoka kabla ya saa 4 asubuhi (10:00).

Kwa Mwislamu, kula hapa kabla ya kuondoka. Jirani na soko hilo kuna msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, na chakula halali hupatikana mitaa ya karibu. Kuanzia hapo hadi Luang Prabang, nyama ya nguruwe iko kila sufuria, hata kwenye supu inayoonekana ya mboga tupu.

Mwambie kondakta neno moja: *saphan*, daraja. Mabasi mengi hupita njia panda ya darajani kabla ya kuingia mjini, na ukishuka hapo unaokoa safari ya kurudi nyuma. Bajaji husubiri njia panda. Patana bei kabla ya kupandisha shanta. Kwa mtu mmoja ni baht 50 hadi 100, na watu wanne wakichangia hushuka sana.

Wapiga debe wa tiketi za boti huanzia hapa. Watakuambia boti imejaa, au viza haipatikani bila wakala. Tiketi unayohitaji inauzwa gatini Huay Xai kwa bei ya dirisha.

## Hatua ya 3: Kuvuka daraja

Lengo ni kuwa hapa kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Baada ya saa 10 jioni (16:00) na wikendi, upande wa Laos huweza kudai ada ndogo ya ziada, na mabasi ya darajani hupungua.

Mpangilio ni huu:

1. Dirisha la kutoka Thailand. Toa pasipoti, subiri muhuri, usome.
2. Nunua tiketi ya basi la daraja, kama baht 20 hadi 30. Kutembea kwa miguu hakuruhusiwi.
3. Panda na mizigo yako yote.
4. Upande wa Laos, nenda kwanza dirisha la viza ikiwa huna viza, uchukue fomu, ujaze kwa herufi kubwa, utoe picha na dola.
5. Kisha dirisha la kuingia, pamoja na fomu ya kuingia nchini.

Watu hukosea kati ya namba 4 na 5. Kibandiko cha viza kinang'aa, kinajaza ukurasa mzima, na mtu anaona amemaliza. Bado. Viza ni ruhusa ya kuomba kuingia. Kilichokuingiza nchini ni muhuri wa tarehe. Mlango wa kutokea uko wazi, na hakuna wa kukushika bega ukipita bila muhuri huo. Utagundua siku ya kuondoka Laos, na faini yake haichekeshi.

Kwenye fomu utaulizwa anwani ya Laos. Andika jina la gesti halisi ya Huay Xai, hata kama hujalipa. Ukiacha wazi utarudishwa mwisho wa foleni.

Maswali kwa mwenye pasipoti ya Afrika yanaweza kuwa marefu kuliko ya mwenzako wa Ulaya. Jibu kwa ufupi: unakwenda Luang Prabang, kwa boti, siku fulani. Kuwa na nafasi ya hoteli ya Luang Prabang na tiketi ya kutoka eneo hilo simuni kunamaliza maongezi haraka.

*Umefaulu ikiwa* pasipoti ina vitu vitatu: muhuri wa kutoka Thailand, viza ya Laos, na muhuri wa kuingia Laos wenye tarehe ya leo. Visome vyote kabla ya kutoka jengoni. Karani akikosea mwezi, hapa ni suala la dakika mbili.

### Onyo kuhusu ajira

Ukikaa mpakani huenda ukakutana na mtu, au ujumbe wa simu, anayekutafutia kazi ya kompyuta au ya huduma kwa wateja "karibu tu hapa". Kaskazini ya Huay Xai, wilaya ya Ton Pheung, kuna eneo maalumu la kiuchumi la Pembetatu ya Dhahabu, ambalo limehusishwa na biashara ya binadamu na vituo vya utapeli wa mtandaoni. Wakenya na Waganda ni miongoni mwa waliookolewa kwenye vituo vya aina hiyo ng'ambo, Myanmar, wengi wao wakiwa wamepitishwa Thailand kwa ahadi ya ajira. Usimpe mtu pasipoti "akushughulikie", na usipande gari la bure.

## Hatua ya 4: Kutoka darajani hadi mjini

Nje ya jengo kuna bajaji na pikapu zenye mabenchi mawili. Bei hutajwa kwa mtu, kiasi cha baht 100 au kip, fedha ya Laos, zinazolingana. Subirini mjae watu watano au sita, dereva hupunguza.

Taja *Huay Xai mjini*, usiseme "bus station". Kituo cha mabasi kiko nje ya mji na dereva atakushusha huko kwa moyo mkunjufu.

Jambo moja la kuokoa maisha: Thailand huendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, lakini Laos huendesha kulia. Ukivuka barabara, tazama kushoto kwanza. Wa Kongo, Rwanda na Burundi hapa wako nyumbani.

## Hatua ya 5: Chumba

Mji una barabara kuu moja sambamba na mto, na gesti zimepangana pande zote mbili. Gati la boti za pole, zile za Luang Prabang, liko mwisho wa juu wa mji, kama kilomita 2 kutoka katikati. Kwa hiyo una chaguo mbili: ulale katikati karibu na vyakula na benki, au ulale karibu na gati na utembee asubuhi. Ukiwa na shanta ya kilo 15 na umechoka, lala katikati. Gari la asubuhi hadi gatini halina gharama kubwa.

Chumba rahisi chenye feni ni baht 250 hadi 500. Usilipe kabla ya kuingia ndani na kukagua haya:

- Fungulia maji ya moto, usubiri dakika mbili.
- Chomeka simu kwenye soketi, uone kama inachaji. Soketi zilizolegea ni nyingi.
- Tikisa kitasa kwa ndani na nje.
- Angalia wavu wa dirisha au chandarua. Mbu wa denge huuma mchana, hivyo usingoje giza kujipaka dawa.
- Kama kuna baa au karaoke jirani, omba chumba cha nyuma.

Viatu huvuliwa mlangoni. Pasipoti yako itaandikwa kitabuni kisha urudishiwe. Ikibaki kaunta, acha nakala badala yake. Uliza saa ya kufunga geti, maana mji hulala mapema na mlinzi akishalala humwamshi kirahisi.

## Hatua ya 6: Kabla jua halijazama

Una kama saa tatu za mwanga. Zitumie kwa mpangilio huu.

Fedha. Badilisha baht au dola upate kip kwenye benki au duka la kubadilisha fedha, za kutosha tiketi, chakula na usiku wa Pakbeng, ambako boti hulala njiani. Thamani ya kip ilianguka vibaya mwaka 2022, na dola moja sasa huzidi kip 20,000. Sufuri ni nyingi: noti ya 5,000 na ya 50,000 huchanganywa kila siku. Hesabu polepole. Usibadilishe zaidi ya mahitaji, kwani nje ya Laos kip haina mnunuzi.

Saa ya boti. Nenda gatini au muulize mwenye gesti: *heua sa* inaondoka saa ngapi kesho? *Heua sa* ni boti ya pole. Ratiba imewahi kuwa karibu saa 5 na nusu asubuhi (11:30), na husogezwa mapema. Andikiwe kwa tarakimu. Kithai cha mtaani huhesabu saa za usiku kama sisi: *sam thum*, thum ya tatu, ni saa 3 usiku. Lakini saa za asubuhi wengi huzitaja kwa mtindo wa Kizungu, kwa hiyo usifurahie undugu huo ukakosa boti.

Usikubali *heua wai*, boti ya kasi. Hufika Luang Prabang kwa siku moja, lakini ni chombo kidogo chembamba kinachoruka juu ya maji yenye mawe yaliyojificha, na ajali zake zimeua watu.

Simu. Laini ya Thailand hushika mtandao hadi ukingoni mwa Huay Xai, kwa kuwa minara iko ng'ambo tu. Zima huduma ya kutumia mitandao ya nje ili simu isihamie mtandao wa Laos na kula salio. Pakua ramani ya Laos usiku huu. Mtoni mtandao hukatika saa nyingi.

Mlima wa hekalu. Ukibakiwa na muda, panda ngazi ndefu zilizopambwa nyoka wa naga hadi Wat Chom Khao Manilat. Jua la Mekong huzama upande wa Thailand, na hapo ndipo pa kuliona. Kanga ifanye kazi yake.

Chakula. Samaki wa kuchoma, mayai, papai bichi lililotwangwa kwa pilipili, na *khao niaw*, wali wa kunata unaofinyangwa kwa mkono kama tonge la ugali. Kwa wanaokwepa nguruwe, samaki wa jikoni la mkaa ndiye salama zaidi; uliza tu kama amepakwa mafuta ya nini.

## Hatua ya 7: Panga shanta usiku

Shanta kubwa itawekwa chini ya mbao za boti au nyuma, nawe hutaiona hadi jioni. Kwenye begi dogo weka pasipoti, fedha, maji, sweta, dawa, kanga na pawabenki. Vyote vya umeme vifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Chaji kila kitu usiku huu.

## Hatua ya 8: Asubuhi ya boti

Amka saa 12. Nunua maji lita 2, ndizi, na mkate mrefu wa *khao jee* uliojazwa mayai au mboga. Chakula cha botini ni tambi za kikombe na bei yake ni ya mtoni.

Kuwa dirisha la tiketi kabla ya saa 2 na nusu asubuhi (08:30) ukiwa na pasipoti. Tenga kiasi kinacholingana na dola 20 hadi 25 kwa siku zote mbili. Tiketi huandikwa jina. Lilinganishe na pasipoti.

Kisha panda mara moja, usisubiri kahawa. Viti vingi ni vya magari ya zamani, havijafungwa sakafuni. Kaa theluthi ya mbele: nyuma kuna injini, moshi na kelele za saa sita au saba. Machi na Aprili, wakati wa kuchoma mashamba, moshi wa milimani unatosha bila kuongezewa wa injini.

Jioni boti hufika Pakbeng, ambako kila mtu hulala. Shuka na mizigo yote, hata ukiambiwa inaweza kubaki, kwa sababu kesho yake boti huweza kuwa nyingine. Vyumba ni vingi, hivyo huna haja ya kulipia Huay Xai chumba cha Pakbeng ulichoonyeshwa kwenye picha.

Na ikiwa licha ya yote umekosa boti, usikimbilie boti ya kasi. Kuna basi la kwenda Luang Namtha kwa barabara ya R3A, kama saa nne. Kutoka huko unafika stesheni ya Na Teuy ya reli ya Laos na China, iliyofunguliwa Desemba 2021, na treni hukushusha Luang Prabang. Mto utakuwa umeukosa, lakini nafasi uliyolipia hoteli itakungoja.